Programu Yako Haikubinafsishwa

SWALI: Mimi ni fundi cherehani mjini Tanga. Nimejitengenezea programu ya simu ya kutunza vipimo vya wateja, arbuni walizotoa na tarehe za kuchukua nguo, kwa kuwa programu nilizozikuta hazikufuata utaratibu wa kazi yangu. Je, ni sahihi kuiita "programu iliyobinafsishwa"? Kitufe cha kuchagua mpangilio wa skrini nacho nimekiandika "Binafsisha".

JIBU: Si sahihi, dada yangu, na nashukuru umeuliza, maana neno hilo, likichukuliwa kuwa ni kukifanya kitu kimfae mtumiaji, limezagaa katika menyu za simu na tovuti hadi watu wanadhani ndicho Kiswahili cha teknolojia.

"Binafsi" limetoka katika Kiarabu, "bi" na "nafsi", yaani kwa nafsi, na hapo hapana ugomvi. Ugomvi unaanza tunapolinyambua kuwa "kubinafsisha", kwa sababu kitenzi hicho kina kazi yake tayari, tena kazi nzito. Mtanzania yeyote aliyekuwa mtu mzima katika miaka ya 1990 anaijua: ni kuitoa mali mikononi mwa umma na kuitia mikononi mwa mtu au kampuni. Benki ya Taifa ya Biashara ilibinafsishwa mwaka 2000, serikali ilipouza sehemu kubwa ya hisa zake kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini. Neno lililobishaniwa bungeni na vijiweni kwa miaka mingi leo linapachikwa kwenye kitufe cha kubadilisha rangi ya skrini!

Sasa itazame programu yako. Ilikuwa ya umma lini, na nani alikuuzia? Ulipanga mwenyewe safu za kifua, kiuno na urefu wa mkono kama zilivyo katika daftari lako, ukaweka mahali pa arbuni na salio, na tarehe ya kuchukua nguo ukaiweka mbele ya macho kwa sababu ndiyo inayokuumiza kichwa. Kitu kilichozaliwa chako hakibinafsishwi, kama ambavyo mzazi hahitaji kumuasili mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Katika kompyuta neno hili lina mahali pake halali. Mtu akichukua programu huria, yaani ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza, akaibadilisha, kisha akauficha msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, na kuiuza kama mali yake peke yake, huyo ameibinafsisha kwelikweli, na GNU GPL, leseni ya programu huria iliyotolewa mwaka 1989, iliandikwa makusudi kuzuia kitendo hicho.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba lugha haikuwa na upungufu wowote. Wewe mwenyewe umeandika "nimejitengenezea" kabla hujaniuliza swali: kiambishi "ji" kinaonyesha kwamba mtendaji ndiye mnufaika, na kauli ya kutendea inakamilisha kwamba kazi ilifanywa kwa ajili yake. Neno moja limebeba habari yote, nawe ukaliacha ukakimbilia la mnada wa mashirika ya umma.



Basi iite "programu niliyojitengenezea". Anayechukua programu iliyopo na kubadili machache aseme ameirekebisha imfae. Kitufe chako kiandike "Panga upendavyo", na ukifute hicho ulichokiandika leo hii, kabla hujakizoea.