Mbona vidudu vyangu wanafanana?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeandika programu ya vidudu 100 wanaokula majani kwenye skrini. Kila kidudu ana jeni ya kasi na ya umbali wa kuona. Akishiba anazaa, na mtoto hutofautiana kidogo na mzazi. Baada ya muda wote wanakuwa sawa, hakuna jipya. Nikizidisha mabadiliko, wanakufa wote. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali hili limewahi kuninyima usingizi mimi pia.

Hesabu zako hazina kosa. Dunia uliyowapa ina shida moja tu, majani. Shida hiyo ikishapata jawabu, uteuzi, yaani wanaofaa kubaki na kuzaa, hubaki kulinda jawabu lile lile. Ukizidisha mabadiliko unavuruga urithi: mtoto hapokei tena kilichomwezesha mzazi kuishi. Kirudishe chini kiwango hicho.

Sasa msikilize Thomas Ray, mwanaikolojia Mmarekani aliyezoea misitu ya Costa Rica. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliunda Tierra, programu ya viumbe wanaoishi ndani ya kompyuta. Alipanda kiumbe mmoja wa amri 80, kazi yake kujinakili basi. Hakuweka chakula wala tuzo. Aliweka kumbukumbu finyu, makosa madogo ya kunakili, na mvunaji wa kuwaondoa wazee na wenye makosa mengi. Wakazuka viumbe wa amri 45, wasio na sehemu ya kujinakili. Walitumia ya jirani. Hakuna mtu aliyewaandika! Wakaja waliojikinga nao, kisha wakaja waliowapora wale wadoezi muda wao wa kompyuta.

Nyuma ya nyumba yangu Kisauni kuna mwembe wenye kirukia, mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine. Majani ya kirukia ni ya kijani, yanajipikia chakula, lakini maji yanatoka kwa mwembe. Pale kilipong'ang'ania, tawi limevimba kama goti. Kirukia hakingekuwapo bila mwembe, na ndicho vidudu vyako wanachokosa: kila mmoja anahangaika na jani, hakuna anayehangaika na mwenzake.

Waruhusu wanyang'anyane majani. Mpe kila mmoja jeni ya kupora na jeni ya kukimbia, na kupora kumgharimu nguvu, la sivyo wote watakuwa majambazi. Endesha mara 10 kwa namba tofauti za bahati nasibu. Mara moja haitoshi kuamini. Akitokea mdoezi wa kwanza niandikie, nataka kujua alizaliwa kizazi cha ngapi.