Mwanangu, hata msibani kuna daftari

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Umeniuliza kama nchi ya leo, yenye umeme, hospitali na bandari, yaweza kwenda bila pesa wala kazi ya mshahara. Ukaongeza: mbona msibani watu wanapika, wanachimba kaburi, wanateka maji, na hakuna anayelipwa? Nitaanzia hapo hapo msibani.

Chukua hitima ya watu 200. Kilo moja ya mchele hulisha watu saba au wanane, basi unataka kilo 25 hadi 30, masufuria makubwa, kuni, na watu wa kukesha jikoni. Mshahara hautakiwi kwa sababu kazi inaisha kwa siku chache, kilichopungua kinaonekana kwa macho, asiyekuja anajulikana, na leo kwako kesho kwangu. Lakini tazama pale mkekani, karibu na mlango. Yupo mtu na daftari. Fulani kilo tano za sukari, fulani elfu kumi. Daftari lile halimdai mtu, ila siku ya msiba wako litafunguliwa. Hata penye mapenzi hesabu ipo.

Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ni vivyo hivyo. Mtaro unachimbika kwa sababu ni kazi ya asubuhi moja na kila mtu ana kipande chake. Ifanye kazi hiyo iwe ya mwaka mzima, mambo yanageuka. Ndiyo yaliyoyakuta mashamba mengi ya ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Penye kuandika mahudhurio kwa siku na kugawana mavuno kwa siku, aliyelima mpaka jasho likamtoka alihesabiwa sawa na aliyeegemea jembe. Watu wakapeleka nguvu zao kwenye mashamba yao wenyewe. Wengi husema ni uvivu. Mimi nasema kipimo kilikuwa kibovu, kilipima kufika badala ya kulima.

Sasa tutoke kwa majirani twende kwa watu wasiojuana. Maji yetu ya bomba hutoka bwawa la Mabayani, mto Zigi. Maji ya mto masika huwa tope, na tope hugandishwa kwa shabu. Kiasi cha shabu hakikai pale pale. Fundi wa maji huchota maji yale yale katika vyombo kadhaa, kila kimoja akakitilia shabu tofauti, akakoroga haraka, kisha polepole, kisha akayaacha yatulie, aone kipi kimetakata kwa dawa ndogo zaidi. Akitia kidogo mno, tope hubaki na vijidudu hujificha humo klorini isivifikie. Klorini nayo lazima isalie kidogo mpaka bomba la mwisho, angalau miligramu 0.2 kwa lita, la sivyo maji yaliyotoka safi huchafuka njiani. Kazi hiyo haina Idd wala usiku.

Mtu wa zamu ya saa nane usiku utampataje? Kwa ujira, kwa amri, au kwa mapenzi. Mapenzi yanatosha wiki moja, pengine mwezi. Amri Tanga tunaijua. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na watu waliokuwa na mashamba yao hawakuona sababu ya kwenda kuukata. Wajerumani wakatoza kodi ya nyumba kuanzia 1898, ilipwe kwa fedha, na mkonge ukawa mahali pa kuitafuta. Baadaye kikaja kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Kwa hiyo ni kweli mshahara si jambo la maumbile, wengi hapa waliswagwa kuuendea. Ndiyo maana naliheshimu swali lako.

Ila tuseme fundi umempata, tena kwa hiari yake. Bado kuna fundo gumu kuliko hilo. Klorini anayoitaka yeye inatakiwa na hospitali pia. Lori ni moja na dizeli haitoshi. Nani atangulie? Bei hulijibu swali hilo, na mara nyingi hulijibu kwa dhuluma, maana humsikiliza mwenye nacho. Lakini ukiifuta, swali linabaki pale pale linangoja. Kambodia, chini ya utawala wa Khmer Rouge, ilifuta pesa mwaka 1975 na jengo la benki kuu likalipuliwa. Aliyekuwa akigawa ni mwenye bunduki, na utawala ule ulipoanguka 1979 watu walipimiana vitu kwa mchele mpaka riel, pesa yao, iliporudishwa mwaka 1980. Kwetu hapa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya sabuni ilikuwa imepangwa na serikali na sabuni yenyewe haionekani dukani. Foleni na kujuana ndivyo vilivyokuwa bei.

Mfano unaonipa moyo unatoka Marekani, kwenye ghala za chakula cha msaada za mtandao ambao leo huitwa Feeding America. Kabla ya 2005 makao makuu yalipanga foleni: ghala lenye zamu hupigiwa simu, likubali mzigo au liukatae. Ghala la Idaho, jimbo la viazi, likaweza kupewa viazi. Mwaka 2005 wakaanzisha hisa, yaani pointi za mnada ambazo mtu hawezi kununulia kitu nje wala kulipwa mshahara. Kila ghala hupewa hisa kwa kadiri ya wahitaji wake, hushindania mizigo kwa mnada, kama samaki wanavyonadiwa ufukweni, na hisa zilizotumika hugawiwa upya kwa ghala zote. Mara likadhihirika jambo ambalo ofisi isingeligundua. Vyakula vikavu vinavyokaa, kama tambi, vilipanda sana. Mboga mbichi zikashuka. Mizigo mingine iliruhusiwa kushuka chini ya sifuri, yaani anayeichukua anaongezwa hisa. Ghala zikapata zaidi ya kile zinachohitaji, na hakuna mlaji aliyetakiwa kutafuta kibarua ili apate hisa.

Jibu langu basi ni hili. Pesa ina kazi mbili zilizofungwa kamba moja: kupima kipi ni adimu, na kumruhusu mtu kula. Ya kwanza haiondoki, utaiita hisa, kadi au daftari. Ya pili yaweza kupunguzwa sana, ila kwa vipimo, maana neno "bure" peke yake huwafikia wenye matangi kwanza.

Anzia maji. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku. Shika 50. Nyumba ya watu watano ni lita 250 kwa siku, lita 7,500 kwa mwezi, yaani uniti saba na nusu. Hizo zitolewe bila malipo, zinazozidi zilipiwe kwa bei inayopanda, na hela hiyo inunue shabu na kumlipa yule wa saa nane usiku.

Jihadhari na mahali panapoharibika. Ukigawa uniti kwa mita, umemwonea mpangaji. Nyumba ya vyumba nane hapa Ngamiani ina mita moja na watu 30 au zaidi. Uniti saba na nusu zinaisha katika siku tano, kisha wanaanza kulipa bei ya tajiri mwenye bustani. Gawa kwa vichwa. Watu 30 ni uniti 45. Na hesabu ya vichwa usiianze upya, kwenye ofisi ya mtaa kuna daftari la wakazi. Lisasishwe kila mwezi, maana wapangaji huhama, na atakayeliandika alipwe.

Mama yako