Maswali Yenu: Mwanasheria wa Jeshi Anamtumikia Nani?

SWALI: Mdogo wangu ana shahada ya sheria na ameingia jeshini. Wengine wanamwambia ataishia kwenye kesi za watoro tu, wengine kwamba atakaa na makamanda vitani. Ukweli ni upi? Na je, anaweza kumzuia kamanda asishambulie?

JIBU: Yote mawili yapo. Kesi za utoro na wizi wa ghalani hazikosekani, na mikataba ya zabuni humla mwanasheria siku nyingi kuliko mahakama. Kazi inayomtofautisha na mawakili wengine, hata hivyo, ni kumshauri kamanda. Kifungu cha 82 cha Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya kuwalinda watu vitani, kinazitaka nchi wanachama ziwe na washauri wa sheria wa kuwashauri makamanda. Kushauri, si kuamuru. Anayetoa amri ni kamanda.

Chukua daraja ambalo kamanda anataka kulibomoa. Mwanasheria anayeijua kazi huanza kwa kuuliza: malori ya silaha yanapita hapo sasa, au yalipita mwezi jana? Kifungu cha 52 cha Itifaki hiyohiyo kinadai manufaa ya wazi ya kijeshi katika hali ya wakati huohuo, kwa hiyo picha ya wiki mbili zilizopita haimtoshi. Raia huvuka saa ngapi? Je, bomba la maji ya mji limefungwa chini ya daraja? Bomba hilo husahaulika kirahisi, kwa kuwa kwenye picha ya angani halionekani. Kisha kifungu cha 57: ichaguliwe silaha na saa itakayopunguza madhara. Pengine bomu dogo kwenye nguzo moja, saa nane usiku, litatosha kuyazuia malori. Madhara kwa raia yakitarajiwa kuzidi mno manufaa hayo, shambulio lisifanyike. Uwiano huo hauna kikokotoo; hupimwa kwa busara, tena kabla ya kupiga, kwa taarifa zilizopo wakati huo.

Kinachoharibu kazi ni kumwita mwanasheria mpango ukiwa umeshakamilika. Hapo anabaki na “ndiyo” au “hapana”, na ile njia ya tatu, ya kubadili saa au silaha, imeshapotea. Kosa jingine ni ushauri wa mdomo mtupu. Aandike saa, taarifa alizoonyeshwa na alichoshauri. Mistari mitano inatosha. Kamanda akiupuuza, majeshi mengi yana njia ya kulifikisha suala kwa mwanasheria wa ngazi ya juu, na hapo mistari hiyo mitano ndiyo itakayosomwa.

SWALI: Mimi ni koplo, nimeitwa kuhojiwa kuhusu mafuta yaliyopotea. Mwanasheria wa kikosi ni mtu mwema. Nimweleze yote?

JIBU: Hapana, koplo, si kabla ya kumuuliza: “Afande, wewe unamwakilisha nani?” Huyo kwa kawaida anamshauri kamanda, na huenda ndiye atakayempa maoni kama ushtakiwe. Wema wake hauyafanyi maneno yako kuwa siri. Omba wakili wa kukutetea kabla ya kutia sahihi maelezo yoyote, na ombi hilo liandikwe kwenye maelezo yenyewe, pamoja na saa uliyoliomba.