Barua kwa mwanangu: Huyo dalali wako hodari

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi wazima. Baba yako anakohoa kidogo, lakini kahawa ya jioni barazani haimpiti.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Unasema tangu upewe ofisi ya udalali hapo Bagamoyo uisimamie, kijana anayeingiza hela kuliko wote ndiye huyo huyo anayewapora wenzake wateja. Ukimgusa, mapato yatashuka; ukimwacha, wengine wataondoka. Ufanyeje?

Mguse. Na usingoje mwisho wa mwezi.

Mimi si dalali, ila vyumba vyetu hivi vinapangishwa kwa mikono ya madalali tangu hujazaliwa, na mwenye nyumba huijua ofisi kwa jinsi watu wake wanavyofika mlangoni. Walishanijia wawili wa ofisi moja kwa mteja mmoja. Binti alikuwa keshamzungusha yule bwana Makorora, Mabawa mpaka Kange, bajaji kalipa yeye, viatu vimejaa vumbi. Tukiwa bado twajaribu funguo, mwenzake akatokea na pikipiki, akamvuta mteja pembeni: njoo kwangu, udalali nitakupunguzia. Binti hakusema neno. Mteja akatutazama sote kama matapeli, na mimi nikiwemo, akaenda zake. Ofisi ile sikuipa chumba tena.

Dalali hana mshahara, mwanangu. Anakula kodi ya mwezi mmoja mpangaji akilipa, na biashara ikivunjika nauli yote imetoka mfukoni mwake. Kwa hiyo ugomvi wao una njaa ndani yake, na njaa haitulizwi kwa kikao cha kuwaambia watu wapendane. Weka daftari mezani. Mteja akiingia, iandikwe kapokelewa na nani, saa ngapi. Nyumba kaileta nani, kaionyesha nani. Mgawo wa kila mmoja ujulikane kabla hela haijaonekana.

Na wewe mwenyewe acha kuwania wateja. Hili nalisisitiza, maana wengi wakishapewa cheo hujichagulia wanunuzi wa viwanja vikubwa, vijana wakaachiwa vyumba vya kupanga. Ukigombea mteja na kijana wako, utamkanyaje huyo mporaji?

Halafu yakague mauzo yake. Mwenye pupa ya mteja wa mwenzake huwa na pupa kwenye karatasi pia. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 imelisema hilo kifungu cha 59. Ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa eti kwa kuwa ndiye mwenye funguo. Anauza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Na kama ina hati, upekuzi kwa Msajili wa Hati, wa kujua mwenye nyumba hasa ni nani, ufanyike mteja hajatoa hata shilingi. Kijana akirudi ofisini akasema, "Nimesimamisha biashara, mke hajaridhia," msifu mbele ya wote siku hiyo hiyo, na nauli yake umrudishie. Amemnusuru mteja na kesi ya miaka, na ofisi yako nayo.

Huyo hodari muite faragha. Ni mtoto wa watu, na kazi anaijua. Mwambie mgawo wa wateja aliowapora urudi kwa wenyewe, na kuanzia hapo daftari ndilo litakaloamua. Akikubali, mpe madalali wapya awafundishe kuzungumza na mteja, maana hilo analiweza. Akikataa, mwache aende. Kodi ya ofisi ikikubana mwezi huo niambie mapema, usije ukakopa kwa watu wa riba.

Mama yako