Kabla hujaandika "opportune" kwenye barua ya mwaliko

Kazi yangu ni kupitia barua, hotuba na maombi ya kazi ya watu kabla hayajatoka, mengi yakiwa ya Kiingereza kilichoandikwa na Mswahili. Kwa sarufi wengi wako vizuri tu. Wanapokwama ni pale wanapotaka kusema kwamba kitu kimekuja wakati wake, au kwamba kinafaa. Sisi "muafaka" inatutosha: wakati muafaka, mtu muafaka, jibu muafaka. Kiingereza kina vivumishi chungu nzima vya shughuli hiyo, na kamusi ndogo nyingi zinavipa karibu vyote maana ile ile, "-a kufaa". Basi mtu anachagua kile kirefu kuliko vyote, kwa sababu kinaonekana kimesoma.

Ushauri wangu ni huu: usikariri kivumishi peke yake. Kikariri pamoja na nomino inayopenda kuandamana nacho, halafu ujiulize kitu hicho kinamfaa nani au kinafaa nini.

Chukua barua aliyoniletea mwenyekiti mmoja wa kamati ya harusi, ya kumwita mheshimiwa fulani kwenye kikao: "Kindly visit us at your opportune time." Sarufi haina kasoro, ila hakuna anayesema hivyo. Watu wa pwani wanaweza kulielewa neno "opportune" kuliko wengine wote, maana asili yake ni ya mabaharia. Kwa Kilatini lilitumika kwa upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini. Nahodha wa Muscat aliyekuwa akija Zanzibar alingoja kaskazi, inayovuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, ndiyo ilikuwa "opportune" kwa kurudi kwao. Kinachopima ni safari, yaani lile jambo linalotakiwa kutimia. Nafasi ya mtu kwenye shajara yake haimo. Ndiyo maana tunasema "an opportune moment to buy land", na hatusemi "your opportune time".

Mheshimiwa anahitaji "convenient": "at a time convenient to you". Hapo kipimo ni yeye, ratiba yake na usumbufu wake. Ila angalia usije ukamwandikia "when you are convenient", kosa ninalokutana nalo karibu kila wiki. Wakati huwa "convenient", mahali huwa "convenient", mpango pia. Mtu hawi.

Na ile "at your earliest convenience" ambayo kila karani anaipenda? Ni ya adabu, lakini haina tarehe. Msomaji mmoja anaisoma "fanya haraka", mwingine anaisoma "ukipata nafasi". Kama unataka jibu kabla ya Ijumaa, andika Ijumaa. Ujue pia kwamba "convenient" ina kijembe ndani yake. Mtu akisimulia kwamba risiti zote ziliungua isipokuwa zile zinazomsafisha, Mwingereza atasema "how convenient", na hapo hamsifii.

"Timely" nayo ina mitego miwili. Wa kwanza ni ile "-ly" ya mwisho, inayowafanya watu wadhani ni kielezi na kuandika "he arrived timely". Ni kivumishi: "a timely reminder", "timely rains". Aliyefika bila kuchelewa amefika "on time", na aliyefika wakati mambo yanakaribia kuharibika zaidi, huyo ndiye msaada wake ulikuwa "timely". Mtego wa pili uko kwenye mikataba. "Timely delivery" inapendeza machoni lakini haimfungi fundi kwa siku yoyote ile.

Sasa "auspicious". Hili washereheshaji wetu wamelipokea kwa mikono miwili, na kwenye harusi, uzinduzi au kuapishwa linakaa mahali pake, kwa sababu linahusu mwanzo wenye dalili ya heri. Warumi wa kale hawakuanza vita wala shughuli kubwa ya dola kabla mtabiri hajatazama ndege wanavyoruka, na neno lenyewe limeundwa kwa "ndege" na "kutazama". Kwetu si jambo geni: wazee husema "ndege njema" kwa dalili ya heri na "ndege mbaya" kwa ya shari. Lakini nimewahi kuletewa wasifu wa marehemu unaoanza "We are gathered here on this auspicious occasion". Nikampigia mwandishi, ambaye ni mjukuu wa marehemu.

"Mdogo wangu, siku hii ni ya heri kwa nani?"

"Kaka, MC wa send-off ya dada ndivyo alivyoanza."

Tukaitoa. Mistari mitatu mbele nikakuta "his untimely death", na mzee alikuwa na vitukuu. "Untimely" inasema mtu ameondoka kabla ya wakati wake. Kwa kijana ni sawa na inauma. Kwa mzee aliyeshiba siku, andika "death" basi, inatosha. "Propitious" iko jirani na "auspicious", ila hupenda kukaa na mazingira kuliko na sherehe: hali ya hewa, hali ya soko. Kusema kweli unaweza kuishi miaka mingi bila kuihitaji.

"Suitable" na "appropriate" ndizo zinazochanganywa zaidi maofisini. "Suitable" inatazama matumizi: viatu hivi havifai kwa kupandia mlima, "not suitable". "Appropriate" inatazama taratibu na heshima ya mahali. Viatu hivyo hivyo vinaweza kuwa imara kabisa na bado visiwe "appropriate" kwa hafla ya Ikulu. Kwa hiyo uwe makini na "inappropriate behaviour" kwenye barua ya onyo. Wengi huisoma kama jambo zito, hata la unyanyasaji wa kijinsia, wakati wewe pengine ulikuwa unalalamikia mtu anayekula mezani kwake. Neno lililochaguliwa vizuri, au jina la utani lililompata mwenyewe, hilo liite "apt".

Limebaki "expedient". Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwenye Yohana 11, Kayafa anasema ni "expedient" mtu mmoja afe kwa ajili ya watu. Biblia ya Kiswahili inasema tu "yafaa". Kiingereza cha leo kimelitia neno hilo doa: "politically expedient" ni jambo lenye faida kwa mtendaji, haki ikiwa imewekwa kando. Meneja mmoja aliniletea tangazo la kupunguza wafanyakazi lenye "the management found it expedient", akidhani ni namna ya upole ya kusema "imebidi". Nilimweleza wafanyakazi watakavyoisoma. Akabadilisha kuwa "necessary", na tangazo likabandikwa hivyo.