Klachi za henza na waya wa tezi: anza na kamba yako

Mkuu, umesema chombo chako ni cha mita 9, unataka henza zote (kamba za kutwekea matanga) zije nyuma penye usukani, na unauliza kama ununue klachi sita zinazofanana (vibano vya sitahani vya kushika kamba iliyokazwa), ya sita iwe ya kukazia waya wa tezi, ule unaoushikilia mlingoti kwa nyuma. Za henza nunua. Hiyo ya waya wa tezi achana nayo. Yote mawili niliyakosea kwenye chombo changu, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Nilipofunga klachi mara ya kwanza nilisoma kisanduku: kamba milimita 8 hadi 12. Yangu ilikuwa ya 8, nikaona imo. Henza yenyewe ilikuwa mpya, kiini cha Dyneema (nyuzi za plastiki zenye nguvu sana) na ganda la poliesta. Siku moja tunabisha (tunapanda kuelekea upepo unakotoka), upepo umechangamka, nikaona mikunjo ya kulala kwenye ukingo wa mbele wa tanga kuu. Nikapiga winchi, ikaondoka. Nusu saa haikupita, imerudi. Nikajua kamba inarefuka. Lakini Dyneema hairefuki kirahisi hivyo, na jambo hilo likanikaa kichwani. Nikachukua sindano, nikashona uzi mwekundu kwenye kamba pale inapotokeza mdomoni mwa klachi. Saa moja baadaye uzi hauonekani. Nilipotoa mzigo na kufungua, nikaukuta umeingia ndani vidole vinne, upande wa mlingoti. Henza ilikuwa inateleza kidogo kidogo kila upepo ulipopiga kwa nguvu.

Sababu ni hii. Ndani ya klachi kuna kipande chenye meno kinachozunguka na kuibana kamba kwenye sahani ya chini. Kamba ikiwa nyembamba, kipande hicho kinazunguka hadi karibu na mwisho wake ndipo kinaigusa sawasawa, na mbano unakuwa dhaifu. Namba kubwa ya kilo iliyoandikwa mbele ya kisanduku mara nyingi ni ya kamba nene. Tafuta jedwali la mtengenezaji linaloonyesha mzigo ambao klachi inaushika kwa kila unene, usome mstari wa kamba yako. Kama kamba ni ya milimita 8, klachi ya 6 hadi 10 itaishika vizuri kuliko ya 8 hadi 12. Kamba iwe katikati ya kipimo au juu kidogo ya katikati, isiwe mwanzoni.

Kuna na jambo la pili ambalo wengi hawaliangalii: meno yanashika ganda tu, na kiini cha Dyneema kinateleza kama kimepakwa sabuni. Ukiona ganda limejikusanya nyuma ya klachi, upande wa winchi, kama soksi iliyoteremka, hiyo si klachi mbovu. Ni kiini kimekimbia ndani ya ganda. Shona ganda na kiini pamoja mwishoni mwa kamba, uzi upite katikati kabisa, mishono mingi.

Mimi sikubadilisha klachi. Nilivisha henza ganda la pili la poliesta pale meno yanapouma, nikalishona ncha zote mbili. Hapa kuwa makini: ukipunguza tanga, henza inakwenda mbele, na meno yanauma sehemu nyingine iliyo karibu zaidi na mkia wa kamba. Kwa hiyo ganda la ziada lianze pale meno yanapouma tanga likiwa limetwekwa lote, liendelee kuelekea mkiani hadi kupita alama ya kupunguza tanga mara ya mwisho. Langu lina mita 3. Na kabla hujashona, pitisha kipande hicho kwenye kapi zote za sitahani na za chini ya mlingoti, maana ukitua tanga litapita humo humo. Tangu siku hiyo uzi mwekundu haujasogea.

Kufungua klachi yenye mzigo, tafadhali usijaribu. Zungusha kamba kwenye winchi, vuta hadi mzigo uhamie huko, ndipo ufungue. Kamba iliyoachiwa ghafla inachoma kiganja na inararua ganda lake yenyewe.

Sasa waya wa tezi. Klachi ni ya kitu unachokikaza na kukiacha. Waya wa tezi unaugusa kila upepo unapobadilika: ukiukaza, waya wa omo (ule wa mbele) unanyooka, tanga la mbele linakuwa bapa, chombo kinabisha vizuri, upepo ukilegea au ukiwa nyuma, unaulegeza. Ukiweka klachi utahitaji winchi kila safari ya kulegeza, na mwisho utaacha kuugusa kabisa. Mimi niliacha msimu mzima.

Weka kapi za ngazi: ya kwanza igawe mzigo kwa 2, ya pili tena kwa 2, kisha mfumo wa mwisho kwa 4. Hiyo ni 16. Waya wenye mzigo wa kilo 600 unakuja mkononi chini ya kilo 40 kabla ya msuguano. Gharama yake ni urefu: sentimita 10 za waya zinakula mita 1.6 za kamba. Mwisho wake weka kibano cha meno mawili, kile ambacho kamba inajishika ukiishusha na kuachia ukiinyanyua. Kamba za kuvuta ukingo wa tanga chini nazo ni hivyo hivyo.

Ila usisahau kamba ya akiba, nene, iliyolegea kidogo, sambamba na kapi hizo. Kapi moja ikivunjika, hiyo ndiyo itakayoushika mlingoti. Naomba sana hili ulitimize kabla ya safari ya kwanza.

Ukifika kwenye kutoboa sitaha: kama ndani yake kuna mbao laini au povu, toboa tundu kubwa kuliko bolti, jaza epoksi (gundi inayoganda ngumu), ikikauka toboa tena kwa kipimo cha bolti, na chini weka sahani ya chuma. Kamba iingie kwenye klachi ikiwa imenyooka, na itoke kwenda winchi ikipanda kidogo.

Pima unene wa kamba zako kwa kipimo, si kwa macho, kisha andika hapa namba zake na za klachi unazozifikiria, tuzitazame pamoja.