Jibu: Wasifu wa bibi nianzie wapi?

Pole sana ndugu yangu, Mungu amlaze bibi mahali pema. Umeuliza wasifu uanzie wapi maana wakubwa wanataka mwaka wa kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, wajukuu. Weka, ila yamalize kwa mistari miwili mitatu tu (misiba yote inafanana hapo bana) halafu nenda kwenye mikono yake.

Umesema alikuwa msusi wa mikeka, basi sema alivyokuwa anachana ukindu (majani ya mkindu), anauchemsha na rangi, anasuka ukili (ule utepe wa kusukwa) mrefuuu huku anapiga stori na watu wa mtaani, ndo anaanza kushona ukili kwa ukili mpaka mkeka unatoka. Waulize mama zako wadogo nakshi zake alikuwa anaziitaje, hayo majina yakipotea yamepotea. Na mikeka ilienda kwa nani, nani kafundishwa bure barazani, harusi ipi imekaliwa mikeka yake. Kama alikuwa kijumbe wa upatu (yule anayekusanya hela za kikundi na kuwapa wenzie kwa zamu) hilo usiliache, mtu hapewi hela za wenzie kama haaminiki.

Wasifu ausome mjukuu, sio MC, hao wanakoseaga majina balaa.